Adhabu ya Mwalimu Saa Moja

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa, na humo ndimo lilimobaki. Shule nzima ilimwita Mwalimu Saa Moja. Saa moja kamili ya asubuhi alifunga geti kwa mkono wake mwenyewe, na yeyote aliyekuwa upande wa pili, awe mtoto wa darasa la kwanza analialia au mwalimu mwenzake anahema, huyo alikuwa amechelewa. Habari za mvua hakuzitaka, wala za mguu kuuma. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi, alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba hata usingizini mume wake akigeuka upande wa pili, hutazama saa kwanza.

Lakini tusimfanye mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa nidhamu, na kazi hiyo hakuna anayeitaka. Walimu wenzake walipenda kuwa wapole, wakishindwa na darasa ndipo wanasema, "Nitakupeleka kwa Saa Moja!" Basi wao wakabaki na upole wao, yeye akabaki na sifa ya kutisha watoto. Umbo nalo lilimsaidia: mrefu, mabega mapana, na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Fimbo alizitupa siku zilipopigwa marufuku, na hakuzililia, maana macho yake yalitosha. Adhabu zake zilikuwa kufagia uwanja, kuchota maji, kubaki baada ya masomo. Na kila mtu alijua, kuanzia mlinzi mpaka mwalimu mkuu, kwamba adhabu ya Saa Moja haifutwi na mtu mwingine. Baba mmoja aliwahi kuja kumchukua mwanawe waende harusini, akakaa kwenye benchi na suti yake, amenuna, mpaka kijana alipomaliza kufagia.

Udhaifu wake ulikuwa kwa watoto wanaowahi. Hao aliwapenda waziwazi, na katika hao hakuna aliyemfikia binti mmoja wa darasa la tano, mwembamba, mkimya, aliyekuwa akifika mlinzi hajavua hata koti la usiku. Mvua inyeshe, baridi ipige, yeye yupo getini na mkoba wake. Jioni vilevile: wenzake wakitoka mbio kengele ikilia, yeye anabaki kupanga madawati, kufuta ubao, kumsaidia mfagizi. Saa Moja alimsimamisha mbele ya shule nzima gwarideni, akampa jina la Jogoo, akaamuru apigiwe makofi. Watoto wakapiga makofi na kuwika, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Binti alitazama viatu vyake. Mwalimu akasema moyoni, tazama adabu hiyo, hata kusifiwa anaona haya.

Sasa Jumatatu moja jioni, shule imeshakuwa tupu, mwalimu alikuwa akifunga milango akamkuta Jogoo ndani ya stoo ya vitabu, amejikunyata nyuma ya rafu. Alisema anatafuta kalamu. Wiki iliyotangulia alikutwa darasani saa kama hiyo, akasema ana mazoezi ya kwaya, na kwaya siku hiyo haikuwepo. Saa Moja alichukia uongo kuliko kuchelewa, na uongo wa mtoto aliyemsifu mbele ya watu ulimuuma kama kaibiwa. Akatamka yale maneno ambayo kila aliyepita shule anayajua na tumbo lake linayakumbuka.

"Kesho njoo na mzazi."

Binti akasema, "Mwalimu, nipe adhabu. Yoyote."

"Mzazi," alisema Saa Moja.

Na kwa kuwa kesho yake alikuwa na semina, alimwagiza karani apige simu nyumbani kwa binti jioni hiyohiyo. Simu ilipokelewa na mume wa shangazi yake, maana ndiko Jogoo alikokuwa akilelewa. Mtu huyo alikuwa seremala, na shuleni hakuwa mgeni. Nusu ya madawati ya shule yalitoka kwenye karakana yake, na lililovunjika mguu alilitengeneza bure, huku akiwatania walimu wa kike na kuwachekesha wa kiume. Walimwita fundi wetu. Alimwambia karani, "Kesho nitakuja, mama, huyo mtoto nitamnyoosha mwenyewe."

Semina yenyewe ilikuwa ya kuwalinda watoto. Mwalimu mkuu alimchagua Saa Moja kwa sababu, alivyosema, "wewe ndiye unayeshughulika nao." Saa Moja alikwenda kama aendavyo mtu kung'oa jino. Semina alizihudhuria nyingi maishani mwake na zote zilikuwa na maneno marefu na viti vya plastiki. Akakaa nyuma kabisa, gazeti likiwa tayari.

Mkufunzi alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi ukumbi mzima unyamaze ili kumsikia, na nadhani mama huyo alijua anachofanya. Aliuliza, "Ni watoto gani wanaowasumbua?" Walimu wakafurahi. Hapo kila mmoja alikuwa na la kusema, na majina ya watukutu yakamiminika. Mkufunzi akangoja wamalize.

"Na ambaye hawasumbui hata kidogo? Huyo nani anamwangalia?"

Watu wakatazamana. Mama yule akaendelea bila kupandisha sauti. Mtoto akiumizwa, alisema, si lazima aje na jeraha usoni. Wengine wanakuwa wakorofi, wengine wanalala darasani, na wengine wanakuwa wazuri kupita kiasi. "Kuna anayefika kabla ya mlinzi na jioni hataki kuondoka. Huyo sisi tunampa zawadi. Kabla ya zawadi, jiulize saa hizo nyumbani kwao kunakuwa na nani."

Gazeti lilimtoka Saa Moja mikononi likaanguka chini. Hakuliokota. Alikuwa anahesabu jambo ambalo angeweza kulihesabu miezi mingi nyuma. Shangazi yake Jogoo alifua mashuka hospitalini. Alitoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likizama. Fundi, karakana yake ilikuwa palepale uani. Kila saa ambayo shangazi hakuwepo nyumbani, na mtoto naye hakuwepo.

Mwalimu mmoja kijana, safu ya mbele, alinyoosha mkono. "Sisi kwetu tukiona tatizo tunamwita mzazi au mlezi, tunaongea naye, yanaisha."

"Na kama ni yeye?" aliuliza mkufunzi.

Kijana akashusha mkono. Nyuma ya ukumbi kiti kilianguka kwa kishindo, watu wote wakageuka. Saa Moja alikuwa amesimama.

"Vipi, mwalimu?"

"Nimeita mzazi," alisema. Sauti ile ya kuvuka mabonde haikuwepo. "Leo. Yuko njiani."

Mkufunzi hakumuuliza mengi. Alimfuata mpaka mlangoni, akamwambia kwa haraka: mlezi asiambiwe chochote, mtoto asiondoke naye. Akisema neno, asikilizwe tu, asihojiwe kama mwizi, wala asiahidiwe kwamba litakuwa siri. Na wanaohusika waitwe leo hiihii. "Leo, mwalimu, si baada ya kikao."

Njiani alimpigia karani. "Fundi ameshafika," karani alisema, na nyuma yake kicheko kikasikika. "Yuko na walimu hapa, wanakunywa chai. Anasema atamchukua mtoto, kazi imempa nafasi leo."

"Mtoto asitoke!"

"Sasa mimi nimkataze nani, mwalimu? Mlezi wake?"

Saa Moja alikuwa akiwahubiria wanafunzi kila wiki kwamba pikipiki ni jeneza lenye magurudumu. Siku hiyo alipanda jeneza na kumwambia dereva aongeze mwendo.

Alimkuta fundi katikati ya ofisi ya walimu, kikombe mkononi, anasimulia kisa cha dawati lililozaa panya, na walimu wanajifuta machozi kwa kucheka. Jogoo alisimama ukutani, mkoba mgongoni. Uso wake haukuwa na kitu. Saa Moja alikuwa ameona watoto wakilia, wakitetemeka, wakijikojolea mbele yake, na uso kama ule hakuwahi kuuona, au aliuona kila asubuhi akauita adabu. Roho ilimuuma hapo aliposimama, ikamuuma hasa.

"Ah, mkuu wa majeshi!" fundi alisema. "Tulikuwa tunaaga. Namchukua huyu, nikaongee naye nyumbani. Hatarudia, nakuhakikishia." Akampa binti ishara ya kidole, na binti akaanza kutembea.

Angesema nini? Hakuwa na ushahidi wala neno moja la mtoto. Alikuwa na hesabu yake tu ya saa, na chumba kizima cha watu wanaompenda fundi. Akisema analofikiri, fundi angeng'aka, mtoto angeulizwa palepale mbele ya watu, angekana, na wangeondoka pamoja. Akinyamaza, wangeondoka pamoja vilevile. Saa Moja akapiga moyo konde na kushika kitu pekee alichokuwa nacho, yaani ubaya wake.

"Haendi popote," alinguruma. "Huyu ana adhabu yangu."

"Tumeshayamaliza, mwalimu..."

"Nani kamaliza? Mimi nimemaliza? Mtoto ananidanganya mimi, mara mbili, halafu aende zake nyumbani akale? Ataosha vyoo, atafagia uwanja, mpaka niseme mimi basi!"

Mwalimu wa darasa la tano, mama mpole, aliinuka. "Jamani, Saa Moja, mtoto mwenyewe huyu hata asubuhi sidhani kama amekula."

"Kaa chini, mwalimu."

Mama akakaa. Alimtazama kwa chuki, na Saa Moja akaipokea chuki hiyo bila kupepesa. Fundi alimtazama kidogo, kama mtu anayepima ubao. Kisha akacheka. Angebishana na mwalimu mwingine yeyote, lakini hili la adhabu ya Saa Moja alilijua kama walivyolijua wote. "Basi mtwange kazi, mkuu. Mimi nitapita jioni." Akaweka kikombe, akaaga mmoja mmoja, akaondoka. Mlinzi alimfungulia geti na kumpigia saluti ya utani.

Walikwenda darasa la kwanza, ambalo lilikuwa nje kwenye michezo. Saa Moja aliacha mlango wazi. Akaketi kwenye kimojawapo cha vile viti vidogo, magoti yakamfika kidevuni, na kwa mara ya kwanza binti akawa mrefu kumzidi.

"Ndoo ziko wapi, mwalimu?" Jogoo aliuliza.

"Za nini?"

"Za kuoshea vyoo."

"Huna adhabu, mwanangu. Nilisema vile ili ubaki."

Binti alimkagua usoni kutafuta mtego. Hakuuona, akakaa. Ulimi wa mwalimu ulijaa maswali, kwa nini, tangu lini, mbona hukusema. Aliyameza yote, na kwake yeye kumeza swali kulikuwa kazi kuliko kubeba gunia. Akauliza moja tu. "Ungependa ubaki shule mpaka saa ngapi?"

"Mpaka shangazi arudi."

Saa Moja akaitikia kwa kichwa. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakipiga kelele nje, wanagombania mpira. Ndipo Jogoo akasema, macho yake yakiwa mezani, sentensi tatu fupi kuhusu mume wa shangazi yake na mlango wa chumba cha binti ambao mtu huyo, fundi wa milango, aliuondolea komeo. Sitaziandika hapa. Ziliandikwa mahali panapostahili, na ni zake.

"Usimwambie shangazi," alisema mwisho. "Niahidi, mwalimu."

Neno "nakuahidi" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nani asingelisema? Mwanadamu yeyote mwenye moyo angelisema. Alilirudisha.

"Siwezi kukuahidi hilo," alisema, na aliona jinsi mabega ya mtoto yalivyoshuka. "Nitamwambia mwalimu mkuu. Yeye atamwita mtu ambaye kazi yake ni hii. Shangazi naye ataambiwa. Leo huendi kulala kule. Umefanya vizuri kuniambia, na hukufanya kosa lolote. Hata lile la kalamu."

"Shangazi atanichukia." Hapo ndipo alipolia. "Ndiye niliyebaki naye. Atasema nimemvunjia nyumba."

Saa Moja alikaa naye hadi kilio kilipopungua.

Mwalimu mkuu alishika kichwa. "Fundi? Huyu fundi wetu? Mwalimu, hebu tulia kwanza. Tumwite, tusikie pande zote mbili, tusije tukamharibia mtu jina." Na tusidanganyane, wengi wetu tungesema hivyohivyo, na tungejiona wenye busara. Saa Moja alisogeza simu ya mezani mpaka mkononi mwa bosi wake. "Piga wewe, mwalimu mkuu, maana ndivyo inavyotakiwa. Usipopiga, napiga mimi, halafu kesho unifukuze." Walifanya kazi pamoja miaka na miaka na hakuwahi kumjibu hivyo. Mwalimu mkuu alipiga.

Afisa wa ustawi wa watoto alifika mchana, mwanamke kijana mwenye begi la mgongoni, na askari wa kike asiye na sare. Walikaa na binti peke yao. Saa Moja alitakiwa kuondoka, akaondoka, akasimama kwenye korido kama aliyepewa adhabu. Polisi wengine walikuwa wameshakwenda karakana, wakamkuta fundi anapiga randa, wakamchukua na vumbi lake la mbao. Lilibaki la shangazi. Afisa alikuwa amemweleza Saa Moja bila kuficha: mama wa nyumba akimwamini mtoto, mtoto ana pa kushika. Akimkana, atatafutiwa mahali pa kulelewa, lakini jeraha hilo la pili mara nyingi ndilo linalokaa. Ameona mashangazi wa kila namna, alisema, hata mama wazazi.

Walimtuma mtu hospitalini kumleta. Alikuja na gauni la kazi, mikono imekauka kwa sabuni na dawa. Afisa alimketisha kwenye benchi la korido, akamweleza kwa sauti ya chini. Mwanamke akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Mume wangu?" alisema. "Mmemuuliza mume wangu?" Akamgeukia Saa Moja, na sauti ikapanda. "Na wewe! Si wewe uliyenipigia simu kunipongeza? Kwamba mtoto wangu anawahi kuliko wote? Leo unaniambia nini?"

"Nilikupigia," alisema Saa Moja. "Niliona anawahi, sikuuliza anawahi nini. Nisamehe, dada yangu."

Ilikuwa kama hakumsikia. Alimpita, akampita afisa, akasukuma mlango wa darasa kwa kiganja. Saa Moja alifumba macho. Mtu mzima yule, aliyekuwa akitisha shule nzima, alisali kimoyomoyo kama mtoto.

Ndani, Jogoo alisimama haraka, mikono nyuma, kama wanafunzi wanavyomsimamia mgeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," shangazi alijibu, maana mdomo hujibu wenyewe.

"Nisamehe, shangazi."

Shangazi alimwangalia mtoto toka kichwani hadi viatuni, polepole, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya kuibiwa na kutazama kila chumba. Afisa alikuwa mlangoni na hakuingia. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yake, amejifunika mdomo.

"Kila siku alfajiri," shangazi alisema hatimaye, "unanikimbilia njiani viatu hujafunga. Unaniambia unanisindikiza kazini."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwenye baridi ile."

"Ndiyo."

"Na mimi nakuambia rudi nyumbani ukalale."

Shangazi alikaa chini, palepale sakafuni kwenye vumbi la chaki, na sauti iliyomtoka haikuwa ya maneno. Jogoo alibaki amesimama na mikono yake nyuma, hajui kama ameruhusiwa kusogea. Shangazi alinyoosha mkono wake mkavu, akamshika kifundo cha mguu, akakishikilia hivyo, akawa anarudia, "Nikakuambia rudi. Nikakuambia rudi."

Saa Moja aliuvuta mlango taratibu, akauacha wazi kiasi kidogo. Jioni hiyo wale wawili waliondoka pamoja, wakaenda kulala kwa mama mmoja anayefua na shangazi hospitalini.